Kikohozi cha Adabu

Kwanza tuelewane: Mzee Andendekisye hakuanza kukohoa kwa ugonjwa. Alianza kukohoa kwa adabu.

Wasiojua mambo ya Wanyakyusa watacheka, na wacheke tu, meno ni yao. Zamani, mwanamke akiolewa Unyakyusani, baba mkwe wake alikuwa mtu wa kukwepwa. Hukutani naye njiani, humtazami usoni, hulitamki jina lake, na akiingia kwa mlango huu wewe unatokea ule. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha. Huko makanisani mkwe na baba mkwe wanakaa benchi moja na kuimba kitabu kimoja. Lakini Mzee Andendekisye, ingawa alihamia Soweto ya Mbeya tangu ujana wake, na nyumba yake ina king'amuzi na tangi la maji, mwiko ule hakuuacha Tukuyu. Alikuja nao kama alivyokuja na jembe lake.

Kwa hiyo kila alipotaka kukatiza ua, iwe kwenda chooni au kwenye mapipa yake, alikohoa kwanza. Kho! Maana yake: mkwe wangu, napita, jisitiri. Na Tumpe, mke wa mwanawe Isaka, akisikia kho! aliacha sufuria, akaingia ndani ya jiko, akageukia ukuta mpaka viatu vya mzee vipite. Waliishi hivyo miaka mingi, ua mmoja, bila ugomvi hata siku moja. Ninyi mnaopigana vikumbo na wakwe zenu sebuleni, mnaweza kusema hivyo?

Mwaka huo baridi ya Mbeya ilipoingia, kikohozi kikaongezeka. Kho wakati wa chai, kho wakati wa kuchambua mchicha, kho hata mvua ikinyesha. Tumpe akawa anaingia jikoni na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akamlalamikia mumewe, "Baba siku hizi anatembea sana uani. Maziwa yangu yanamwagika kila siku."

"Anajinyoosha miguu," Isaka akasema. "Uzee huo."

Ikafika asubuhi moja Tumpe amegeukia ukuta, anasubiri viatu vipite, viatu havipiti. Kho. Kho kho. Akasubiri, shingo imemkakamaa, maharage yanaanza kunukia moto. Mwishowe akafanya dhambi, akachungulia kwenye upenyo wa mbao. Uani hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa chumbani kwake, kitandani, anakohoa mpaka godoro linalia.

Miezi yote hiyo alikuwa akiukimbia uso wa mzee, kumbe anaukimbia ugonjwa. Na kazi ya Tumpe, jamani, ni nini? Ni kupiga picha za eksirei vifua vya watu, pale kwenye kituo cha afya hatua chache tu kutoka nyumbani. Alijisikia aibu mpaka masikio yakamwaka.

Jioni ile familia ikakaa, bila Tumpe bila shaka. Isaka na mama yake, Mama Esnath, wakamwomba mzee aende akapigwe picha ya kifua.

"Wapi?" mzee akauliza.

"Hapo kituoni, baba. Karibu tu."

"Na anayepiga ni nani?"

Mama Esnath akakuna goti lake.

"Yaani mtu asiyeruhusiwa kuniona uso," mzee akasema polepole, "ninyi mnataka anione mifupa?"

Wewe msomaji, ungemjibu nini?

*

Sasa niseme kazi ya mzee, maana shida yote iko hapo. Alikuwa mtu wa oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa injini inapobadilishiwa oili. Aliikusanya kwenye gereji kwa madumu, akaituliza kwenye mapipa, kisha akawauzia mafundi seremala wanaopaka mbao za paa zisiliwe na mchwa, na wapasua mbao wenye misumeno ya mnyororo. Na namna yake ya kuihamisha kutoka pipa hadi dumu ilikuwa moja tu: kipande cha mpira na mdomo wake. Anauzamisha mpira ndani ya pipa, anavuta pumzi kwa nguvu, oili ikikaribia anauchomoa haraka na kuuelekeza kwenye dumu. Mara nyingi aliwahi. Mara nyingine oili ilimwahi yeye. Akitema, alicheka na kusema, "Leo imenisalimia."

Watu wa mazingira walishakuja, wakiwa na mtendaji wa kata. Wakamwambia kwa upole kwamba oili chafu ni taka hatarishi, kwamba kuikusanya kunahitaji kibali, sakafu ya saruji, pampu, na mahali mbali na makazi ya watu. Kwamba wako wenye vibali wanaoichukua na kuipeleka kiwandani ikasafishwe upya. Mzee akawasikiliza, akawapa viti, akawapa na ndizi za kuchoma. "Nimewaelewa, wanangu," akasema. Walipoondoka akayahamisha mapipa kutoka kando ya barabara akayaleta nyuma ya jiko, akayafunika turubai. Ndivyo alivyowaelewa.

Tangu siku hiyo mpira ukawa unaning'inia kwenye msumari, mkono mmoja kutoka mlango wa jiko la Tumpe. Kila siku alisikia ule mvuto, fyuuu, halafu mate chini, halafu kho. Alisikia na akanyamaza. Angemwambia nani? Kwa mdomo upi?

Halafu kuna Bertha. Bertha, binti wa Tumpe na Isaka, alikuwa na miaka minne na babu yake alikuwa jua lake na mwezi wake. Alikuwa na mchezo wake, mchezo wa babu: anavaa viatu vikubwa, anakohoa kho! kisha anakatiza ua mikono mgongoni. Nyumba nzima ilicheka. Mpaka siku moja Tumpe anatoka na beseni la vyombo, akamkuta mtoto amepanda juu ya kigoda, ncha ya mpira iko mdomoni, macho ameyafumba, mashavu yameingia ndani, anavuta. Kwa huruma ya Mungu ncha ya pili ilikuwa chini kwenye majani.

Beseni lilianguka. Tumpe akamsuuza mtoto mdomo mpaka akalia. Akaupandisha mpira msumari wa juu zaidi, lakini juu ni nini kwa mtoto anayejua kigoda kiko wapi? Usiku huo akamweleza Isaka.

"Nitamwambia baba," Isaka akasema.

Isaka ni mwanaume anayeweza kubishana na trafiki mpaka trafiki akaomba radhi. Lakini mbele ya baba yake ulimi ulikuwa unamganda. Siku zikapita. Hakumwambia.

*

Kampuni iliyomwajiri Tumpe ilikuwa na kituo kingine Iringa, pale Ipogolo, kando ya barabara kuu. Mtaalamu wa mionzi wa huko, Happy, alikwenda likizo ya uzazi, na kwa kuwa wagonjwa hawasubiri likizo, muuguzi mmoja akawa anabonyeza mashine mwenyewe. Wakaja wakaguzi wa mionzi. Hawakupiga kelele. Walipima mlango, wakapima ukuta, wakauliza nani ana leseni ya kuendesha, wakatazamana. Mashine hii, wakasema, haiwaki tena mpaka asimame hapa mtu mwenye leseni. Wakaweka lakiri yao na kwenda zao.

Bosi akampigia Tumpe: funga mzigo, Iringa inakuhitaji mpaka Happy arudi.

Alitaka kwenda na Bertha, lakini chumba alichopewa kilikuwa cha kitanda kimoja na kazi ni kutwa nzima. Mama Esnath akasema, "Mwache, mimi si bibi yake?" Akamwacha. Na tangu basi lilipoondoka stendi, roho yake haikutulia. Akiwa kazini alikuwa akiona kigoda. Akila alikuwa akiona kigoda. Kila siku alimpigia Isaka.

"Mpira uko wapi?"

"Uko palepale."

"Palepale wapi?"

"Pale juu, mama."

"Juu wapi, Isaka? Nieleze mimi, juu wapi?"

"Tumpe, usinitie wazimu. Nitaongea na baba wikiendi hii."

Wikiendi gani, hakusema.

Sasa sikiliza jinsi mwiko unavyoweza kumzunguka mtu. Mzee Andendekisye hakujua kwamba mkwe wake yuko Iringa. Nani angemwambia? Habari za mkwe hazisemwi mbele ya mzee, na yeye kuuliza habari zake ni mwiko vilevile. Aliona tu kwamba jikoni kumepoa na chai imekuwa ya mkewe, ina majani mengi. Akadhani mkwe amekwenda kuwasalimia wazazi wake. Na kwa kuwa kifua kilikuwa kinambana sasa mpaka kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi, akaamua jambo lake kimyakimya. Angekwenda kupigwa picha mbali, mahali ambapo hakuna amjuaye. Alikuwa na rafiki yake huko Kihesa, Iringa, Joachim, Mhehe aliyekuwa akimuuzia mapipa matupu. Akaaga, "Naenda kumsalimia Joachim," akavaa koti na kofia, akapanda basi.

Alimkimbia mkwe wake Mbeya, akashuka mlangoni pake Ipogolo.

*

Siku hiyo upepo wa Ipogolo ulikuwa unarusha vumbi la malori mpaka ndani ya korido. Tumpe alisoma kwenye kompyuta jina la mgonjwa anayefuata, akalisoma tena. Lilikuwa jina ambalo hajawahi kulitamka tangu aolewe. Akajipa moyo: akina nanihii ni wengi, Rungwe nzima imejaa. Halafu kutoka kwenye benchi la nje ikasikika.

Kho!

Kabla akili haijafikiri, mwili ulishageuka. Apolonia, mhudumu wa kituo, mama wa Kihehe mwenye kicheko kikubwa, aliingia akamkuta mtaalamu mzima wa mionzi, na beji yake ya kupima mionzi kifuani, amesimama amegeukia ukuta.

"We mama, umeona nyoka?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Ukutani?"

"Nje, Apolonia! Kwenye benchi." Akamweleza yote kwa haraka. Apolonia alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha.

"Si tumwambie mashine mbovu, aende kwingine?"

"Ataenda kwingine kweli? Atarudi nyumbani akafe. Namjua."

"Basi nipige mimi, nibonyeze tu."

"Ukibonyeza wewe wanafunga tena. Wamesema mwenye leseni."

Nje, kho kho. Kisha Apolonia akajipiga kofi la paja. "Wewe si unakaa nyuma ya ukuta? Kaa nyuma ya ukuta. Mimi nitamsimamisha, wewe utanielekeza kwa ishara, nitakuja huku kwako, utabonyeza, na kelele nitapiga mimi. Hatajua kama kuna mtu."

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nene zenye bamba la risasi ndani la kuzuia mionzi, una kidirisha cha kioo kizito. Tumpe akajibanza nyuma yake, ameinamisha kichwa. Akasikia viatu vile. Viatu alivyovijua kuliko uso wenyewe. Akamsikia Apolonia akimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba. Vua koti. Sogea hapa. Kidevu juu, kifua kiguse hapa, mabega mbele." Kisha mlango ukafungwa, Apolonia akaja nyuma ya ukuta, akamkanyaga na mguu.

Sasa ilibidi atazame. Kanuni ni kanuni: hubonyezi bila kumwona mgonjwa. Tumpe akainua macho polepole kwenye kidirisha, na alichokiona ni mgongo. Mgongo mwembamba wa mzee, umekumbatia mashine, kisogo kwake, uso ukutani.

Alitaka kucheka na kulia. Ni watu wangapi amewasimamisha hivyo! Picha ya kifua, mgonjwa humpa kisogo mpigaji. Mzee alikataa miezi mizima akiogopa kuonwa, na mashine yenyewe ilikuwa tayari imemgeuza. Lau angeweza kumwambia sentensi moja tu kule Mbeya. Sentensi moja!

"Vuta pumzi!" Apolonia akapaza sauti. "Shika!"

Kho kho kho. Mzee hakuweza kushika. Picha ikaharibika. Wakarudia mara moja, na mara hii Tumpe aliwahi kati ya kikohozi na kikohozi.

Kusoma picha si kazi yake, ni kazi ya daktari. Lakini macho hayana pazia. Chini ya mapafu yote mawili aliona weupe umetanda, kama ukungu wa Uyole asubuhi.

*

Daktari Sosthenes alimtuma mzee apimwe makohozi, akamwambia arudi kesho. Kesho yake majibu yakaja: si kifua kikuu. Daktari akaingia chumba cha eksirei na picha mkononi.

"Huyu mzee ananisumbua," akamwambia Tumpe. "Ukungu huu nimewahi kuuona kwa watu wanaovuta petroli kwa mdomo, wanaofanya kazi za mafuta. Nimemuuliza mara mbili. Anasema yeye ni mkulima wa viazi. Viazi haviingii kwenye mapafu."

Kwa Tumpe, kusema ni kumchongea mzee wake. Kunyamaza kwake miaka yote kulikuwa ndiyo heshima yenyewe. Lakini heshima hiyohiyo ilikuwa inamzika. Na kigoda kilikuwa kule Mbeya, karibu na msumari.

"Si mkulima," akasema. "Anavuta oili chafu kwa mpira. Ni baba mkwe wangu. Nyuma ya jiko langu."

Daktari akaandika kwenye faili la mzee. "Asante. Lakini dawa ya kwanza ni kuacha huo mpira, na hiyo siwezi kumeza kwa niaba yake. Lazima akubali mwenyewe."

Wakamwita mzee, kwamba daktari anataka picha ya ubavuni. Tumpe akarudi nyuma ya ukuta wake. Mzee akaingia, Apolonia akampokea, na daktari akaingia pia, akauliza kwa upole.

"Mzee wangu, kazi yako haina mambo ya oili? Kuvuta kwa mpira, kwa mfano?"

Mzee akajitenga na mashine. Halafu sauti yake ikaja juu. "Nani kakwambia?"

"Picha inaonyesha…"

"Picha haionyeshi mpira! Nani kakwambia? Serikali? Kumbe ninyi mmeungana! Wa mazingira na wa mionzi wanakula sahani moja. Nimekuja kutibiwa kifua, kumbe nimekuja kukamatwa!"

"Hakuna wa kukukamata, mzee."

"Nipe koti langu, binti. Nipe!"

Kupitia kidirisha Tumpe aliona koti likivaliwa upande mmoja, kofia ikibandikwa, mkono ukishika kitasa. Akitoka mlango ule, atapanda basi. Akipanda basi, atarudi kwenye mapipa. Na fyuuu itaendelea, na siku moja ncha ya pili ya mpira haitakuwa kwenye majani. Tumpe aligeuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta kama alivyozoea jikoni kwake, akafumba macho, akafungua mdomo, akamwita baba kwa Kinyakyusa na kumsemesha kwa wingi wa heshima.

"Tata."

Kitasa kikatulia.

"Tata, siyo serikali. Ni mimi. Mimi ndiye nimemwambia daktari." Paji la uso halikuachana na ukuta. "Nisameheni. Siku zote mkikohoa mimi nilikuwa nageuka, nikidhani mnanipa heshima, kumbe mnaumwa. Nilisikia mpira mkiuvuta, nikanyamaza. Nimenyamaza vya kutosha. Tata, Bertha ameanza kuuvuta. Nimemkuta na macho yangu, juu ya kigoda, ameuweka mdomoni. Anacheza babu."

Mzee hakusogea. Daktari hakusogea. Apolonia, asiyemwogopa mtu Iringa nzima, alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

Mzee akasema, bila kugeuka, "Binti."

"Naam, baba," Apolonia akaitika.

"Mwambie mtu aliye nyuma ya ukuta kwamba mimi sijamwona."

Apolonia akageukia ukuta. "Anasema hajakuona."

"Mwambie tata," Tumpe akasema, machozi yanamshuka, "na mimi sijamwona. Nimeona mapafu tu."

"Anasema ameona mapafu tu, baba."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Akakohoa, akashika ukuta, akapumua. "Muulize, huyo mtoto… ilimfika? Oili ilimfika?"

"Haikumfika, tata," Tumpe akajibu mwenyewe, maana Apolonia alikuwa anafuta macho. "Mungu alisaidia."

Mzee akatoa simu yake ndogo mfukoni, akapiga nyumbani. Alizungumza kwa kelele, kama wazee wote wanavyozungumza na simu. "Esnath! Chukua panga. Nasema panga! Ule mpira ukate vipandevipande. Usiniulize, kata. Mtoto yuko wapi? Mpe simu."

Wakasikia simu ikikwaruza, ikipokelewa kwa mikono midogo. Kisha kwenye chumba kile kilichozungushiwa risasi, ambacho hata mionzi haitoki, sauti ya Bertha ikaingia wazi kabisa.

"Kho!"

"Bertha," mzee akasema. "Bertha, unakohoa nini, mama?"

"Nakusalimia, babu. Kho!"

Mzee Andendekisye akakaa chini, palepale sakafuni, koti limevaliwa mkono mmoja, akalia. Nyuma ya ukuta Tumpe alibaki amegeuka, ili asimwone. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho aliyokuwa nayo ya kumpa, akampa yote.

*

Daktari hakuahidi muujiza. Alisema dawa zitachukua muda, na kwamba mapafu hayatakuwa ya kijana tena, lakini kama mpira umekwisha, huenda na ukungu ukapungua. Mzee akarudi Mbeya. Akawapigia mwenyewe watu wa mazingira, akawauliza wenye vibali wanapatikana wapi. Wakaja na gari lenye pampu, na mzee alisimama pembeni akiwakosoa muda wote, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hawakumwaga hata tone. Akabaki na ua mtupu na harufu. Vipande vya mpira alifungia geti la banda la kuku.

Happy alipotoka likizo, Tumpe akarudi nyumbani. Maisha ya uani yakaendelea, ila sasa mzee akitaka kupita alikuwa anagonga ukuta kwa fimbo, maana kikohozi, alisema, amekistaafisha. Bertha naye akatafuta fimbo yake.

Kiangazi kilipofika daktari akaagiza picha nyingine. Isaka akajitolea kumpeleka baba yake hospitali nyingine yoyote, hata Tunduma akitaka. Mzee akamtazama kama mtu aliyesema upuuzi. Akavaa koti na kofia, akatembea kwa miguu mpaka kituo cha Soweto. Pale mapokezi akamkuta kijana mpya wa mionzi, Ambrosi, amekuja kujifunza kazi, akamkaribisha kwa furaha.

"Wewe hunijui ndani," mzee akamwambia. "Aliyeniona mifupa yuko wapi?"

Ambrosi akakimbia kumwita Tumpe. Alipofika, mzee alikuwa ameshaingia, ameshavua koti, ameshakumbatia mashine mwenyewe, kidevu juu, kisogo mlangoni. Hakusubiri kuelekezwa.

"Mwambie mkwe," akamwambia Ambrosi, "kwamba mashine hii ina adabu. Ningejua, nisingepoteza nauli ya Iringa."

Tumpe akaenda nyuma ya ukuta. Ambrosi akamfuata, akajiandaa kupaza sauti, Tumpe akamgusa bega: acha. Akatazama kidirishani, akauona ule mgongo, umenona kidogo, umetulia.

"Vuteni pumzi, tata," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, na ikasikika chumba kizima. "Shikeni."

Mzee akavuta, akashika. Tumpe, kidole juu ya kitufe, akajikuta anasubiri ile kho. Alisubiri kama alivyoisubiri miaka yote. Haikuja. Akabonyeza.

"Achieni," akasema, na baba mkwe wake akaachia.